Nani Mwenye Uwezo wa Kutwaa Ardhi kwa Ajili ya Uwanja wa Ndege?

(Maelezo niliyoyatoa mbele ya wakazi wa mitaa inayopakana na uwanja wa ndege wa Kigoma. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, wenyeviti wa mitaa, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwenye kivuli cha mwembe, nawashukuru kwa kuja.

Swali mliloniitia ni moja: uwanja wa ndege ukihitaji eneo lako, nani hasa ana uwezo wa kisheria wa kukwambia uondoke? Nalijibu mwanzoni kabisa, ili hata atakayewahi kuondoka aende na jibu nyumbani. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, ile tunayoiita TAA, haina uwezo huo. Meneja wa uwanja hana. Manispaa ya Kigoma Ujiji haina. Mkandarasi hana, mpima hana, na mwenyekiti wako wa mtaa naye hana. Mwenye uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu kwa ajili ya uwanja wa ndege ni Rais wa Jamhuri ya Muungano, na anautumia kupitia kwa waziri mwenye dhamana ya ardhi, kwa maandishi, chini ya Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya mwaka 1967, Sura ya 118. Sheria hiyo inataja manufaa ya umma yanayoruhusu ardhi kutwaliwa, na viwanja vya ndege na bandari vimetajwa humo. Kwa hiyo tusidanganyane: kupanua uwanja ni sababu halali. Ninachotaka mkijue ni njia ambayo sababu hiyo halali inapaswa kupita kabla haijafika mlangoni kwako.

TAA ilianzishwa mwaka 1999 chini ya Sheria ya Wakala za Serikali. Kazi yake ni kuviendesha, kuvitunza na kuviendeleza viwanja vya Serikali huku Bara. Ndani ya uzio ina nguvu za kutosha: inapanga nani afungue duka kwenye jengo la abiria, inatoza tozo, inamtoa anayekatiza njia ya kuruka na kutua ndege akiwa na baiskeli yake. Pembeni yake kuna TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo inasimamia usalama wa anga, na ndiyo inayotoa kibali cha urefu wa majengo na minara karibu na viwanja. Halafu kuna miaka ambayo ujenzi wa viwanja ulikuwa mikononi mwa TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara. Ndiyo maana wananchi huchanganyikiwa. Leo wanakuja vijana wamevaa rifleta wakiwa na gari la taasisi hii, kesho wanakuja wengine na gari la taasisi ile, wote wanaweka alama, wote wanaandika kwenye makaratasi yao. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye alama yake, peke yake, inakuondolea haki yako.

Zipo nchi zilizopanga mambo haya tofauti kabisa. Marekani, katika majimbo mengi, sheria inaruhusu mji au kaunti kuunda mamlaka yake ya uwanja wa ndege, yenye bodi ya watu wa pale pale. Bodi hiyo inaweza kukopa fedha, kununua ardhi, na mwenye ardhi akikataa kuuza, yenyewe inakwenda mahakamani kuomba kuitwaa kwa lazima. Mara nyingi bei inaamuliwa na baraza la wananchi waliokaa kusikiliza kesi. Uwezo uko karibu, na wa kumlaumu unamjua kwa jina. Sisi tumeuweka uwezo huo juu kabisa. Mimi naona kuna faida kwamba mkubwa wa ofisi fulani hapa mkoani hawezi kuamka asubuhi akatwaa shamba la mtu. Lakini kuna hasara ambayo mnaijua kuliko mimi: anayeamua yuko mbali, na mnayemwona kila siku hana jibu.

Sasa nifike pale panapotuumiza zaidi, kwa sababu nimesikia maneno haya hata kwa watu waliosoma: "Ardhi yote ni ya Rais, sisi tumepangishwa tu, wakitaka wanachukua." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Nusu ya pili si kweli, na aliyetusaidia kulijua hilo ni mkulima. Lohay Akonaay alikuwa mwanakijiji wa Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoani Arusha. Alipoteza ardhi yake ya kimila wakati wa Operesheni Vijiji, Serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, akaenda mahakamani na kushinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila za watu kama yeye. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakaamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Ibara hiyo inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka masharti ya kutoa "fidia inayostahili". Mahakama ikaongeza jambo zito sana kwetu sisi watu wa jembe: hata kama hujajenga nyumba wala kupanda miti ya kudumu, jasho lako la kuifyeka na kuitunza ardhi ile lina thamani, na linastahili fidia.

Mzee uliyeniuliza pale mlangoni kwamba huna hati, una karatasi ya mauziano tu iliyosainiwa mbele ya balozi wa nyumba kumi, jibu lako limo humo. Sheria ya Ardhi inamtambua mtu aliyekaa kwenye ardhi muda mrefu na anayeitumia kimila. Inataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati, kwa yeyote ambaye haki yake imefutwa au imeingiliwa kwa kumdhuru. Shikeni hilo neno, kuingiliwa. Nitalirudia.

Utaratibu wenyewe unaanza na uchunguzi wa awali. Waziri anaweza kuwaruhusu watu waingie kwenye ardhi yako, wapime, wachimbe udongo kuukagua, wasafishe mstari wa mpaka. Wanaruhusiwa, msiwafukuze kwa mapanga. Lakini kuingia ndani ya nyumba au ua wa makazi ya mtu kunahitaji ridhaa yake au taarifa ya mapema, na wakiharibu mahindi yako wanawajibika kuyalipa. Baada ya hapo, ikiamuliwa kwamba ardhi inahitajika, Waziri anatoa notisi kwa kila mwenye maslahi, na notisi hiyo inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Notisi ya kuachia ardhi haipungui wiki 6, isipokuwa Rais athibitishe kwamba jambo ni la dharura. Notisi ni karatasi. Ina tarehe, ina jina la eneo, imesainiwa. Tangazo la kipaza sauti juu ya gari si notisi, na alama ya rangi nyekundu ukutani si notisi.

Kwa wenzetu wa vijijini niseme moja kwa haraka. Ardhi ya kijiji haichukuliwi mpaka ihamishwe kwanza kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala hifadhi, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una nafasi yake. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri anaamua baada ya kuzingatia maoni ya mkutano. Msiwaachie watu watatu wa serikali ya kijiji waamue peke yao.

Twende kwenye uthamini. Hapa ndipo fedha zinapopatikana na ndipo zinapopotea. Mthamini aliyesajiliwa anakuja, anahesabu, anapiga picha, anakuandika. Kazi yake lazima iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Wewe uwepo siku hiyo. Kama umesafiri kwenda Uvinza au Kasulu, mwache mtu mzima anayejua kila kilichomo: choo, kisima, uzio wa matofali, migomba, miembe, michikichi. Msisaini fomu yenye nafasi tupu, na msisaini bila kubaki na nakala. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye fidia maneno haya yanatimia kila siku.

Thamani inayotafutwa ni bei ya soko, na juu yake kuna mambo ambayo wengi hawayadai kwa sababu hawajui kwamba yapo. Kanuni za fidia za mwaka 2001, zilizo chini ya Sheria ya Ardhi, zinataja posho ya usumbufu, ambayo inahesabiwa kwa kuangalia riba ambayo benki hulipa kwa amana za miezi 12. Kuna posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 100,000 kwa mwezi inakupa 3,600,000 juu ya thamani ya jengo. Kuna posho ya kusafirisha mizigo, tani 12 ndani ya kilomita 20. Na kuna upotevu wa faida: faida halisi ya biashara kwa mwezi mara miezi 36. Mama yangu unayeuza dagaa na mawese hapo barabarani, wewe una biashara. Tatizo ni kuithibitisha. Kanuni zinataka hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi, na najua huna mkaguzi. Basi anza leo kuandika kwenye daftari la shule: umenunua kwa ngapi, umeuza kwa ngapi, umebakiwa na nini. Tunza risiti. Jambo la kuwa makini nalo ni kwamba posho za makazi, usafiri na faida hazilipwi kwa ardhi isiyokaliwa. Kiwanja ulichokiacha pori kitapata kidogo kuliko cha jirani yako.

Michikichi inastahili dakika zake. Mchikichi wa mbegu nzuri, kama Tenera inayozalishwa hapa kwetu Kihinga, unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi na unaendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka 20. Mti mmoja unasomesha mtoto. Kwa hiyo mthamini akiandika "miti 15" bila kutenganisha mche wa mwaka jana na mti uliokomaa, mkataeni kwa heshima, mwambieni aandike umri na hali ya kila mmoja. Na fidia si lazima iwe fedha peke yake. Kanuni zinaruhusu kiwanja kingine cha ubora unaolingana, jengo, miche na mbegu, hata chakula kwa muda maalumu. Mimi binafsi, kwa mkulima mzee, namshauri aulize habari za ardhi mbadala kabla ya kuuliza habari za hundi.

Sasa subira. Hili ndilo linalowachosha watu kuliko kubomolewa kwenyewe. Umeshathaminiwa, unaambiwa usiendeleze, usipande mazao ya kudumu, usiongeze chumba. Unakaa. Paa linavuja, mtoto ameoa na hana pa kulala. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 imeweka mipaka kwenye kungoja huko. Fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Na uthamini wenyewe unaishi miaka 2 tu. Ikipita bila malipo, unafanywa upya kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo tarehe ambayo Mthamini Mkuu aliidhinisha jedwali lenu ni muhimu sawa na kiasi cha fedha. Iulizeni kwa barua, mpate jibu kwa barua.

Nilisema nitarudi kwenye neno kuingiliwa. Watu wengi hapa ardhi yao haitatwaliwa kabisa, lakini itaguswa. Ndege inahitaji nafasi pembeni na juu. Kwa viwango vya shirika la usafiri wa anga la kimataifa, ICAO, uwanja mkubwa unaotumia vifaa vya kuongozea ndege huacha ukanda wazi wa mita 140 kila upande kutoka katikati ya njia ya kuruka na kutua ndege, na mita 60 kupita kila mwisho. Kwa njia ya urefu wa mita 1,800, ukanda huo peke yake ni zaidi ya ekari 130. Kuanzia ukingo wa ukanda, kimo kinachoruhusiwa kinapanda taratibu: mita 1 juu kwa kila mita 7 unazosogea nje. Maana yake, kama ardhi ni tambarare, mchikichi mkongwe wa mita 15 unapaswa kuwa mita 105 nje ya ukanda, yaani mita 245 kutoka katikati ya njia. Ulio karibu zaidi ya hapo ni kizuizi. Watakuja kuukata, au watakuzuia kujenga ghorofa, na mpaka wa shamba lako utabaki pale pale.

Je, hapo hakuna kilichochukuliwa? Swali hili lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1946. Thomas Causby alikuwa na ekari 2.8 karibu na uwanja wa Greensboro, North Carolina, akifuga kuku. Wakati wa vita jeshi lilikuwa likiutumia uwanja ule, na ndege zilipita mita 25 juu ya eneo lake, mita tano na ushee juu ya mti wake mrefu kuliko yote. Kuku waliruka kwa hofu wakajigonga ukutani, wakafa kama 150, ufugaji ukamshinda. Serikali ilisema anga ni njia ya wote. Mahakama ilikubali kwamba anga ya juu ni ya wote, lakini ikasema mwenye ardhi anamiliki nafasi ya juu kadiri anavyoweza kuitumia pamoja na ardhi yake, na ndege zikipita chini sana na mara nyingi mno, huko ni kutwaa, na kunalipwa. Mwaka 1962, katika kesi ya Griggs iliyohusu uwanja wa Pittsburgh, mahakama hiyo ikasema anayelipa ni kaunti iliyoujenga na kuumiliki uwanja.

Hukumu hizo hazitufungi hapa. Lakini sheria yetu wenyewe imetaja haki iliyoingiliwa kwa kumdhuru mtu. Kwa hiyo ukikatiwa miti kwa ajili ya usalama wa ndege, wakati ardhi imebaki mikononi mwako, usikubali kuambiwa kwamba hakuna kilichotwaliwa. Dai miti yako, na dai thamani iliyopungua kwa kiwanja ambacho sasa hakijengeki.

Mkishindwa kuelewana, mlango upo. Mgogoro kuhusu kiasi cha fidia, kuhusu nani anastahili, hata kuhusu kama utwaaji wenyewe ni halali, usipomalizwa ndani ya wiki 6 tangu notisi kutangazwa, unaweza kupelekwa Mahakama Kuu. Zamani hilo lilimaanisha kupanda treni kwenda Tabora. Siku hizi tuna Mahakama Kuu Kanda ya Kigoma hapa hapa. Kuishtaki Serikali kunahitaji notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Kesi ya mtu mmoja mmoja inachosha na ni ghali, hivyo fungueni pamoja. Wasiokuwa na uwezo waende kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kuna mlango mwingine ambao hautajwi sana. Uboreshaji wa viwanja vya Kigoma, Tabora, Shinyanga na Sumbawanga umeingia kwenye mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Benki hiyo ina masharti yake kuhusu watu wanaohamishwa: wasiokuwa na hati nao wasaidiwe, na maisha yao yasiwe duni kuliko yalivyokuwa. Ina pia ofisi ya kupokea malalamiko, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuiandikia.

La mwisho ni makaburi, maana bibi mmoja amenishika mkono kabla sijasimama akaniuliza habari za kaburi la mumewe. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, Sura ya 72, inahusu ardhi inayohitajika kwa manufaa ya umma. Kaburi halifukiwi na greda. Familia inajulishwa, mwili unahamishwa na kuzikwa upya kwa heshima na kwa taratibu za dini yake. Hakikisheni kila kaburi limeandikwa kwenye jedwali la uthamini, hata lile ambalo halikujengewa na linajulikana kwa mti uliopandwa kichwani tu. Wazee ndio mnaoyajua hayo. Nawaomba mkae na vijana wenu wiki hii, mwaoneshe moja moja, na wayaandike.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Tuanze na akina mama.